Tambi na mayai juu: shajara ya kikaango, Ng'ong'ona

Mei, mwishoni

Naanza kuandika kila ninachojaribu kuhusu chakula hiki, ili nisirudie njia iliyokwisha kukataa, na ili mama lishe mwenzangu atakayekitaka apate pa kuanzia.

Wazo ni hili: kikaango kimoja, tambi zilizokolea rosti la nyanya chini, mayai mawili mazima juu, yaivie hapo hapo juu ya tambi, mteja apelekewe moto moto. Sizungumzii tambi zilizochanganywa na mayai yaliyopigwa. Hiyo ni zege ya tambi, nayo ni tamu. Hata Naples kule Italia wana ya kwao, hukaanga tambi zilizobaki pamoja na mayai yaliyopigwa mpaka zishikane na kukatwa vipande. Mimi nataka yai lionekane.

Sababu ya kwanza ni viazi. Banda langu liko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Chakula chao cha jioni ni chipsi mayai. Viazi vinatufikia kutoka mbali, Njombe na Mbeya huko, na gunia likiadimika sokoni Majengo mimi nabaki na mambo mawili tu: kupunguza sahani au kupandisha bei. Yote mawili yananiuma. Tambi kavu hukaa kabatini miezi bila kuoza wala kuota.

Sababu ya pili ni yai lenyewe. Kwenye zege, mayai yakishapigwa kwenye kikombe mteja hana njia ya kujua amewekewa mangapi. Anategemea uaminifu wa mpishi. Yakiwa mazima juu ya tambi anayahesabu kwa macho. Mtu aliyetoa pesa yake ya mwisho ya wiki ana haki ya kuyaona mayai yake.

Masharti niliyojiwekea: ute ugande wote, usiwe na majimaji. Kiini kishike, lakini kisikauke kikawa unga. Tambi zisirojeke. Na chini kuwe na ukoko mwembamba, kwa sababu tambi bila ukoko kwenye kikaango ni sawa na tambi za kwenye sufuria, na hizo mtu anaweza kujipikia bwenini. Kiini kibichi simpi mtu. Najua kwingine wanakipenda kinachotiririka, lakini yai bichi linaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na wanaokula kwangu wamo watoto na akina mama wajawazito.

Juni, siku za mwanzo: tambi

Nimeanza na tambi ndefu, zile nene kidogo, nazivunja katikati ili zilale vizuri kwenye kikaango. Nyembamba sana za kupikia na sukari na hiliki wakati wa mfungo hazifai hapa. Zikipata joto mara mbili zinakuwa uji. Kwenye pakiti natafuta neno durum. Ni aina ya ngano ngumu, na tambi zake huvumilia moto na kugeuzwa. Zile za ngano laini ni rahisi zaidi mfukoni, ila zikikaa kwenye rosti kwa muda mfupi tu zinakatika zenyewe.

Muda ulioandikwa kwenye pakiti hauendani na Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Hapa yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100 kama pwani. Pakiti ikisema dakika nane, mimi nahesabu kumi na kuonja.

Lakini dakika kumi ni nyingi mno saa ambayo benchi limejaa. Kuzichemsha zote asubuhi na kuziacha mpaka jioni sitaki kabisa. Banda halina friji, na chakula cha wanga kilichopikwa kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi huzalisha vijidudu vinavyotapisha, na sumu yake haiondoki hata ukipasha upya. Wali na tambi vyote viko hivyo.

Juni, wiki iliyofuata: kuloweka

Nimepata njia, na nimefurahi nayo sana. Tambi kavu zinalowekwa kwenye maji ya baridi saa moja na nusu. Zinalainika, zinapauka, zinapinda bila kuvunjika, lakini bado ni mbichi. Sababu ni kwamba tambi inahitaji vitu viwili, maji ya kuingia ndani na joto la kuivisha wanga, na vitu hivyo si lazima vije pamoja. Maji yanaingia hata yakiwa baridi. Wanga hauanzi kuvimba na kunata mpaka joto lipite nyuzi 60 hivi. Kwa hiyo nikishaloweka, kazi ya moto inabaki dakika moja au mbili tu, ndani ya rosti lenyewe.

Faida nyingine ni kwamba wanga wote unabaki kwenye kikaango. Haumwagwi na maji ya kuchemshia. Rosti linakuwa zito, linazishika tambi, na yai likitua juu linapata pa kukaa.

Naloweka mara mbili, mchana na saa kumi jioni, kidogo kidogo. Zikikaa majini siku nzima kwa joto letu zinaanza kuchachuka.

Rosti

Hapa sina mengi. Kitunguu cha Singida, nyanya zilizoiva, kitunguu saumu, hoho, chumvi, pilipili pembeni kwa anayetaka. Mafuta ni ya alizeti. Ninayonunua kwa wakamuaji wa hapa hapa hayajasafishwa, yana harufu nzuri ya mbegu, ila huanza kutoa moshi mapema kuliko yale ya kiwandani yaliyosafishwa. Moto uwe wa wastani, kitunguu kiingie kabla mafuta hayajachemka sana.

Jambo moja tu ni la lazima: rosti likauke mpaka mwiko ukipita katikati njia ibaki wazi kwa muda. Tunisia na nchi za jirani zake hupasulia mayai moja kwa moja kwenye rosti la nyanya, nao wana majimaji mengi kwa sababu wanachovya mkate. Sisi chini kuna tambi. Rosti la maji linazizamisha, na ukoko hautokei kamwe.

Juni, katikati: mayai

Nilidhani hili ndilo jepesi. Ndilo lililonila muda mwingi baada ya moto.

Ukipasulia yai juu ya tambi tambarare linateleza mpaka ukingoni mwa kikaango, linakaangika huko peke yake. Inabidi kulichimbia kishimo kwa mgongo wa upawa. Sasa kishimo kiende chini kiasi gani? Kikifika kwenye chuma, yai linakaangika kwa chini, linakuwa gumu kama mpira, na juu bado ni ute mbichi. Kikiwa cha juu juu, ute unamwagika. Nimeridhika na nusu: chini ya yai ibaki tandiko la tambi la unene wa kidole kimoja, na kingo zisimame kulizunguka.

Kisha kuna ute wenyewe. Kuna mayai ambayo ukiyapasua ute unakaa umejikusanya, na kuna mengine ute unakimbia kama maji, unapenya katikati ya tambi mpaka chini na kuacha kiini peke yake. Tofauti ni umri wa yai. Ganda lina vitundu vidogo sana. Kadiri siku zinavyopita unyevu na hewa chafu ya ndani vinatoka, ute mzito unalegea, na chumba cha hewa kwenye upande butu kinakua. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa miezi hii, na trei likikaa dukani karibu na dirisha linazeeka haraka.

Kwa hiyo sasa kila trei jipya napima mayai machache kwenye bakuli la maji. Linalolala ubavu ni jipya, hilo ni la kuweka juu ya tambi. Linalosimama wima ni la zamani kidogo, bado linaliwa, naliweka kwa ajili ya zege na maandazi. Linaloelea natupa. Mama anayeniuzia mayai pale Sabasaba alinitazama nikimwambia nataka ya juzi na jana tu. Akaniuliza, "Unafungua hoteli, dada?" Nikamweleza ninachofanya. Tangu hapo ananitengea trei anapoletewa mzigo, na mimi sipungukiwi mteja wala yeye hapungukiwi.

Kila yai napasulia kwanza kwenye kikombe. Likiwa na doa au harufu halifiki kwenye chakula cha mtu. Na kama ute wake una majimaji kidogo namimina kwenye chujio dogo la chai. Maji yanadondoka, ute mzito na kiini vinabaki juu. Ni sekunde chache tu, na yai linatulia kishimoni bila kumwagika.

Kuhusu kienyeji na kisasa: kiini cha kienyeji ni cha manjano iliyokolea kwa sababu kuku anakula majani na wadudu huko nje, na kuku wa Singida na vijiji vya Dodoma wanatembea kutwa. Juu ya tambi nyekundu kinapendeza mno. Ni ghali zaidi, basi natoa kwa anayeagiza.

Juni, mwishoni: moto

Hapa ndipo penye kazi yote.

Jiko langu ni la mkaa, na joto la mkaa linatoka chini. Tambi ziko chini, mayai yako juu. Maadamu kuna maji kwenye tambi, zenyewe hazipiti zile nyuzi 96. Maji yakiisha tu, joto la chuma linaruka na ukoko unaanza, na ukichelewa ukoko unakuwa makaa. Ute wa yai unaanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, lakini protini yake iliyo nyingi kuliko zote haigandi sawasawa mpaka ikaribie 80. Kiini kinashika kati ya 65 na 70. Yaani ute unataka joto kubwa kuliko kiini, na vyote viwili viko mbali na moto, juu ya tandiko la tambi linalozuia joto. Ukingoja juu paive, chini pameungua.

Kufunika kwa mfuniko wa kawaida na kuongeza maji kidogo kunasaidia. Mvuke unapanda, unaivisha juu. Nimefanya hivyo kwa muda na watu wamekula, hawakulalamika. Mimi sikuridhika. Mvuke unageuka matone chini ya mfuniko, matone yanarudi kwenye tambi, ukoko unalowa. Na juu ya kiini kunatanda utando mweupe. Yai halina tena lile jicho la manjano, nalo ndilo nililitaka lionekane.

Julai, siku za mwanzo: shangazi

Shangazi amekuja kutoka Kondoa kututembelea. Jioni alikaa bandani kunisaidia kukata vitunguu, akawa ananitazama ninavyofunua na kufunika.

"Mwanangu, wali wako unaukaushaje?"

"Napalia makaa juu ya mfuniko, shangazi."

"Basi na mayai yapalie."

Hakuongeza neno. Nikachukua sinia la zamani la chuma, nikafunika kikaango, nikapakua makaa mekundu kwa koleo nikayatandaza juu, na chini nikabakiza machache yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Nilipofunua, ute ulikuwa mweupe mpaka ukingoni, viini vyote viwili vya manjano, vikavu juu, na ukiviminya kwa mgongo wa kijiko vinarudi. Chini, ukoko wa rangi ya asali, mzima, umebanduka kwa mwiko mara moja.

Kila nyumba ninayoijua inapalia wali. Tunapalia pilau. Moto wa juu tunao siku zote, na unafaa kabisa hapa, kwa sababu chuma kilichobeba makaa kinatupa joto kavu moja kwa moja usoni mwa yai, hakihitaji mvuke wala hakingoji joto lipite kwenye tambi. Sasa moto wa chini ni wa tambi, moto wa juu ni wa mayai, na kila mmoja naupunguza au kuuongeza bila kuugusa mwenzake.

Julai: mfuniko

Sinia linafanya kazi lakini lina mashaka. Halina ukingo wa kutosha, na upepo wa Dodoma mwezi huu hauna adabu; unazungusha majivu, na ukifunua kwa haraka kipande cha mkaa kinaweza kuanguka kwenye chakula.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamweleza. Alitaka kunikatia kutoka kwenye bati la kuezekea lililobaki. Nilikataa. Mabati hayo yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye madhara. Sitaki kitu hicho juu ya chakula. Tumetumia bamba la chuma tupu, zito. Amelikata duara, amelizungushia ukingo unaosimama vidole vitatu, na mkono mrefu pembeni badala ya katikati, ili nifunue kwa kuinamisha upande mmoja bila mkono wangu kupita juu ya makaa. Nilipolifikisha nyumbani nililichoma tupu kwenye moto mpaka mafuta ya kiwandani yaishe kutoa harufu, nikaliosha, nikalipaka mafuta ya alizeti na kulichoma tena. Halina kutu mpaka leo.

Uzito wake ni faida. Chuma kizito kinashika joto, kwa hiyo makaa yakipoa kidogo bado kinaendelea kuivisha. Makaa nayapanga zaidi ukingoni kuliko katikati. Yakirundikana katikati, kiini kinaiva kabla ya ute wa pembeni.

Agosti: kinavyokwenda sasa

Kwa mtu mmoja: tambi kavu gramu 100, zimelowekwa. Rosti upawa mmoja na nusu, likiwa limekauka. Tambi zinaingia, maji ya kulowekea vijiko vichache, geuza dakika moja mbili mpaka zing'ae. Sawazisha, usiguse tena, sikiliza. Mlio wa kuchemka ukigeuka kuwa wa kukaanga, ujue maji yameisha na ukoko umeanza. Hapo ndipo kwa kuchimba vishimo, kuweka mayai, kunyunyizia chumvi juu ya ute, kupunguza makaa ya chini na kufunika kwa mfuniko uliokwisha kupata moto. Dakika tatu, pengine nne mayai yakiwa makubwa. Usifunue kila mara. Joto lote linatoka.

Yakizidi, kiini kinakuwa unga na huota duara la kijani-kijivu pale kinapokutana na ute. Ni chuma cha kwenye kiini kukutana na salfa ya ute, hakidhuru mtu, lakini sipeleki mezani.

Wanafunzi wamekipa chakula jina la "tambi macho". Mmoja anakuja kila jioni baada ya maktaba: "Shikamoo mama, naomba yenye ukoko mwingi." Namwekea. Mwingine anataka bila ukoko, naye natoa tambi za juu tu. Wapo waliobaki na zege yao, nami naendelea kuipika.

Nimejaribu kuweka mchicha chini ya mayai. Inakubali iwapo umekaangwa pembeni ukakauka kwanza. Mbichi unatoa maji na kuharibu ukoko. Nyama ya kusaga inakubali pia, ila bei inapanda, na lengo langu halikuwa hilo.

Kwa wenye gesi

Rafiki yangu anaishi Area D, ana jiko la gesi la plati mbili, akaniuliza atapalia nini. Tumelijaribu kwake. Mfuniko mzito wa chuma unawekwa tupu juu ya plati ya pili, moto mkubwa, dakika tano hivi, mpaka tone la maji likidondoshwa linaruka na kukauka papo hapo. Ndipo unaushika kwa kitambaa kinene na kufunika kikaango, na moto wa chini unazimwa kabisa au kuachwa mdogo kabisa. Mayai mawili yanaiva. Manne yanataka mfuniko urudishwe motoni mara moja katikati. Mfuniko mwepesi wa alumini hautoshi, unapoa kabla ute haujaganda. Wa kioo usithubutu, unaweza kupasuka.

Agosti, mwishoni

Tatizo lililobaki ni foleni. Kikaango kimoja ni mtu mmoja, na saa mbili usiku watu wanasimama. Nimenunua karai pana la chuma linaloingiza mayai sita, na jaribio la kwanza limenionyesha kazi iliyopo: mayai ya katikati yanachelewa kwa juu na tambi za katikati zinawahi kuungua kwa chini, kwa kuwa jiko langu linatoa moto mwingi katikati na karai limebonyea. Nitaanza kwa kupanga makaa ya chini kwa duara na kuacha katikati wazi, na juu nifanye kinyume cha ninavyofanya kwenye kikaango kidogo. Fundi amekwisha kuchukua kipimo cha mfuniko, ananikatia Jumamosi.